Mihogo ya Nyuma ya Jiko

Mama,

Shikamoo. Ni mimi mkweo, yule wa Mbinga uliyesema ulimi wangu una haraka kuliko mikono.

Sista amekufa. Mbuzi wako uliyempa jina hilo kwa ile shingo nyeupe, na kwa kukufuata mpaka mlango wa kanisa. Tangu tukuzike alilala kwenye kizingiti cha chumba chako, majani anayanusa tu. Alipokufa, mwanao alilia, mwanaume mzima, akasema, "Amemfuata Mama." Sasa kijiji chote cha Mbaha kinasimulia hivyo, hata kwenye sala za jumuiya wamemtaja.

Si kweli, Mama. Nimemuua mimi.

Nilimwonea huruma kwa kutokula. Nikaenda kwenye ile mihogo ya nyuma ya jiko uliyonikataza kuigusa. Siku ile uliponikataza nilinuna wiki nzima, nikajua unaninyima. Sikuuliza sababu. Kwetu milimani ni mahindi. Muhogo kwangu ulikuwa muhogo tu. Nikang'oa shina moja, nikampa maganda na majani mabichi. Alikula vizuri, nami nikafurahi, mjinga mimi. Sijamaliza hata kuosha vyombo, kaanguka, anatetemeka, povu mdomoni. Jirani alipoyaona maganda akaniambia ile ni mihogo michungu, mpaka ilowekwe na kuanikwa ndipo iliwe. Mibichi ni sumu. Nilimsihi anyamaze. Amenyamaza, ila hanitazami usoni.

Nami nikanyamaza, maana hadithi ile inamfariji mwanao. Hivyo ndivyo nilivyojidanganya.

Leo asubuhi nimemkuta mjukuu wako nyuma ya jiko, muhogo mkononi, anaumenya kwa meno. Nilimpokonya kabla hajameza, nikampiga kofi. Akalia, akaniuliza, "Mbona Sista ulimpa?"

Mama, nimekaa chini palepale. Mtoto aliniona. Alifikiri kinacholiwa na Sista hakimdhuru mtu.

Mwanao yuko ziwani anavua. Akirudi nitamwambia yote kabla hajanawa mikono. Najua nitamnyang'anya faraja yake, na sijui atanitazamaje. Mihogo sitaing'oa, ni yako. Nitaizungushia uzio, na kila mtoto wa hapa ataambiwa kwa nini, si kukatazwa tu.

Pumzika, Mama. Msalimie Sista. Nilipaswa kukuuliza.

Mkweo