Mbavu za Sukari

Tarehe 4 Machi

Shangazi mpendwa,

Kaa kwenye kigoda kwanza usije ukaanguka. Barua hii unaandikiwa na mkono bora kuliko yote iliyowahi kushika brashi tangu binadamu ajue kupaka kitu rangi. Sijisifu, nakupa habari tu. Ningezaliwa zamani, wafalme wangepigana vita wagombanie nani anilishe.

Haya, shikamoo. Hujambo? Mgongo je? Na kile kikohozi cha moshi kimepungua? Mimi mzima, nakula, nalala, na wiki hii sijagombana na mtu ila wawili.

Sasa sikia. Bosi, yule mama mwenye duka la mikate na keki, amepata oda kutoka kituo cha zimamoto. Mkuu wao anastaafu. Miaka ishirini na miwili vijana wake wamemwomba waweke jiko la mkaa pale uani wachome nyama siku za mapumziko, na miaka ishirini na miwili amekataa. Eti kituo cha zimamoto kikiungua, watampigia simu nani? Basi wameamua kumuaga kwa karamu ya choma isiyo na moto. Wanataka biskuti sitini za sukari, zipambwe zifanane kabisa na vitu vya kwenye wavu wako wa kuchomea nyama: soseji, mbavu, mapaja ya kuku, mahindi, nyama za vijiti. Ukitazama unameza mate, ukiuma ni biskuti.

Bosi akauliza nani ataziweza. Mkono wangu ukawa juu kabla kichwa hakijashauriwa. Na hapo ndipo penye jambo lenyewe, Shangazi. Miezi yangu mitatu ya majaribio inakwisha tarehe 21, siku hiyohiyo oda inapochukuliwa. Nafasi ya kudumu ni moja, meza ya rangi, na hizo biskuti ndizo zitakazoamua. Zikipendwa, meza yangu. Zisipopendwa, nafunga mfuko narudi kwako kupuliza mkaa. Tena Bosi ameshasema, "Meza ya rangi nataka mtu anayejitegemea kwa kichwa chake. Wa kuonyeshwaonyeshwa ninao wa kutosha."

Nimeshajaribu chache. Zimetoka nzuri sana, tatizo ni watu hawana macho. Kuna kijana hapa anayepima unga, tunamwita Mizani. Kaziita soseji zangu vidole vya mgonjwa. Mbavu kaziweka kichwani kama anachana nywele.

Si kwamba sijui nyama inavyoiva. Miaka sita nimesimama jikoni kwako pale langoni kwa kiwanda. Ila wewe unajua nilikuwa natazama nini, na haikuwa nyama, ilikuwa wasichana wakitoka zamu. Hebu nikumbushe kidogo. Kidogo tu, mengine nitamalizia mwenyewe.

Mwanao,
Kidomo (jina ulinipa wewe, mimi simo)


Tarehe 10 Machi

Mwanangu Kidomo,

Marahaba. Mimi sijambo. Mgongo nao haujambo nisipouuliza. Kikohozi kipo, kinakusalimu. Barua yako niliisoma kwa sauti hapa jikoni, dereva mmoja akacheka mpaka akaangusha mfupa, nikampa mwingine. Kwa hiyo hata ukiwa mbali unanitia hasara.

Ulipoondoka nilinuna, nakubali. Niliwaambia watu, mwanamume mzima anakwenda kupaka biskuti poda. Lakini umeandika kuniuliza, na nilipoona hilo nikakaa nikafurahi peke yangu. Hakuna aliyewahi kuniuliza kuhusu kazi hii. Watu huuliza imeiva au bado, basi.

Sikiliza, maana sirudii. Nyama haiwi nyeusi. Inaanza rangi ya chai ya maziwa, inakwenda rangi ya tofali, halafu kahawia kama kiatu cha askari. Nyeusi inakuja mwisho kabisa, tena pembeni, palipo pembamba. Ukianza na nyeusi umeshaunguza duka la watu.

Paja la kuku likiiva, ngozi inaukimbia mfupa. Acha mfupa uchungulie, na pale ngozi ilipojikunja weka kahawia nzito kwa sababu mafuta hukusanyika hapo. Mbavu usizilinganishe, ndiyo maana umepata kitana. Ng'ombe hakupimwa kwa rula. Mfupa utokeze ncha moja, mwingine mrefu, mwingine mfupi. Soseji hupasuka upande mmoja, midomo ya ule mpasuko inageuka nje, na ndani yake ni kweupe kidogo. Hindi haliungui kwa mistari, linaungua madoadoa. Punje zilizojitokeza ndizo zinazokiona.

Halafu zile alama za wavu. Wewe najua umezichora zimenyooka kama daftari la hesabu. Mtu hugeuza nyama, Kidomo! Alama moja ilale hivi, nyingine iikate, nyingine ififie katikati pale mafuta yalipoteleza. Na kitu king'ae juu tu. Upande wa chini hakuna mafuta yanayong'aa.

Nilipokuwa naandika haya nilikwenda mara tatu kuchungulia wavu nihakikishe. Miaka yote hii na mimi nilikuwa sijui kama najua.

Hizo biskuti zinachukuliwa saa ngapi, na wapi? Nauliza tu.

Shangazi yako


Tarehe 15 Machi

Shangazi,

Shikamoo tena na tena, na nyingine uweke akiba. Natumaini hujambo. Mimi ni mzima, ila vidole vimekuwa rangi ya tofali na havitaki kutoka.

Barua yako nimeibandika ndani ya mlango wa kabati langu la nguo za kazi. Naisoma asubuhi kabla ya kufunga aproni kama mtu anayesali.

Ngoja nikueleze tunavyofanya, na wewe ujue kwamba huku nako kuna taabu. Biskuti inakatwa umbo, inaokwa, inapoa. Halafu unapiga ute wa yai na sukari ya unga mpaka upate rojo zito. Rojo hilo unalilegeza kwa maji matone mawili matatu, unalimwaga juu ya biskuti, linatambaa lenyewe linakuwa laini kama kioo. Kisha unaliacha likauke mpaka kesho yake. Kesho yake, Shangazi! Unaijua subira yangu. Soseji za kwanza nilizichora alama saa ileile. Nyeusi ikasambaa, soseji zote kumi na mbili zikawa kama zimelia na wanja machoni. Bosi akapita, akatazama, akasema, "Hizi zimefiwa?" Akaenda zake.

Sasa nasubiri. Nimepaka chai ya maziwa, nimepaka tofali, nimepaka kiatu cha askari, kwa brashi nyembamba kuliko unyusi. Nyeusi pembeni tu. Jana niliacha paja moja mezani, mfupa unachungulia, ngozi imeukimbia. Mizani akalinyanyua kwa vidole viwili, akalinusa! Wallahi akalinusa. Akaniambia, "We jamaa, umelipaka na harufu?" Nikamnyang'anya, nikalirudisha mezani. Watu wakubwa hatujibu kila swali.

Wanakuja kuchukua Jumamosi saa nne asubuhi, hapahapa dukani, na Mkuu mwenyewe ataletwa bila kuambiwa kitu. Ila usijisumbue. Gari ni mwendo wa saa tano, na jiko utamwachia nani?

Mwanao,
Kidomo wa Mbavu


Tarehe 22 Machi

Shangazi wangu wa pekee,

Shikamoo. Hujambo? Mgongo? Haya, salamu zimetosha. MEZA NI YANGU!

Duka lilijaa mpaka mlangoni. Vijana wa zimamoto kumi na watano na mabuti yao, wateja wa mkate wamesahau mkate. Nilikuwa nimechora wavu kwa sukari nyeusi juu ya sinia kubwa, vitu vyote sitini vimepangwa juu yake, na chini vipande vya biskuti ya kakao ndio mkaa. Mkuu akaletwa amefungwa macho kwa kitambaa. Wakamfungua. Alitazama lile sinia toka pembe hii hadi ile, nami nikaanza kuhesabu nauli ya kurudi nyumbani. Halafu akanguruma, "Ndoo ya mchanga iko wapi?"

Shangazi, walicheka mpaka vitasa vikatetemeka. Yule mzee akachukua ubavu mmoja, akaugeuza, akatazama chini kama unang'aa. Haung'ai! Akauma. Akafumba macho. Ubavu mwingine akautia mfukoni mwa shati, karibu na medali zake, akasema huo wa mke wake.

Bosi akanishika bega mbele ya kila mtu, akaniuliza maswali mawili matatu, nikajibu kama kawaida yangu, akatangaza kwamba kuanzia Jumatatu meza ya rangi ina mwenyewe. Wakapiga makofi. Nimevimba kichwa, kofia ya kazi imenibana.

Niandikie haraka uniambie unavyojivunia.

Mwanao,
Fundi wa Meza ya Rangi


Tarehe 5 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Mbona kimya? Wiki mbili sasa. Au barua imepotea? Kama ni mgongo niambie, nitaomba ruhusa nije. Kama umenuna kwa sababu sirudi kupuliza mkaa, nuna kwa maandishi basi, nijue.

Hata matusi nayapokea.

Mwanao


Tarehe 12 Aprili

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima, usije. Barua zako zote mbili zimefika. Nilichelewa kwa sababu nilikuwa natafuta la kuandika.

Nilikuja. Yule dada anayeuza chai jirani yangu alinishikia jiko. Niliondoka alfajiri na gari la kwanza, nimevaa lile gauni la bluu, nikafika duka limeshajaa. Nilisimama nyuma ya zimamoto mmoja mrefu, sikuona kitu mpaka alipoinama kucheka. Hapo nikaona. Mapaja umeyapatia. Ule ubavu wa pembeni kulia, wenye mfupa mfupi, ungeuweka kwenye wavu wangu ningeugeuza bila kufikiri. Nakushukuru, mwanangu. Nimechoma nyama miaka ishirini na tisa, inaliwa, inakwisha, hakibaki hata kivuli. Siku ile niliiona imekaa imetulia, watu wanaitazama.

Sikukusalimu kwa sababu ulikuwa na watu wako, nami nilitaka kuwahi gari la saa sita. Mlangoni yule kijana wa mizani alidhani mimi mteja, akanipa kipande cha hindi lililovunjika. Nilikula nusu garini. Tamu.

Bosi wako anaongea kwa sauti inayosikika vizuri hadi nyuma. Mfanyie kazi yake sawasawa.

Shangazi yako


Tarehe 16 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima. Mimi si mzima sana, ila si ugonjwa wa kupeleka hospitali.

Niliisoma barua yako nimesimama, nikaisoma nimekaa, nikamwendea Mizani. Nikamuuliza, Jumamosi ile ulimpa hindi mama mwenye gauni la bluu? Akasema ndiyo, mama mmoja mpole, mikono ina makovu ya moto, alikuwa anafuta macho akasema ni vumbi la unga. Duka letu halina vumbi, Shangazi. Bosi angemfukuza mtu.

Nataka kukushukuru na sijui nianzie wapi, mimi ambaye mdomo haujawahi kunikauka. Asante kwa chai ya maziwa na tofali na kiatu cha askari. Asante kwa kwenda mara tatu kuchungulia wavu kwa ajili yangu na moshi wote ule. Asante kwa miaka sita uliyonilisha nikitazama mlango wa kiwanda, hukunipiga ila mara nilizostahili. Asante kwa saa tano za gari kuja na saa tano kurudi, na kwa kuniandikia "tamu" wakati ungeweza kuniandikia lolote na lingekuwa haki yako.

Jana nilibandua barua yako ya kwanza kabatini, nikampelekea Bosi. Nikamwambia, kichwa nilichokitegemea ni hiki hapa, kiko langoni kwa kiwanda kinachoma nyama. Kama meza unaitaka, ichukue. Aliisoma yote, pale pa daftari la hesabu akatabasamu. Akasema, "Mkono ni wako, meza ibaki yako. Lakini kwa lile ulilosema siku ile, hukunikosea mimi. Mwandikie mwenyewe." Basi naandika.

Nilikudanganya kwamba nilijibu kama kawaida yangu. Soseji zilizolia, mbavu za kuchania nywele, yale yote yalikuwa mchezo, yalirekebishika. Kilichoharibika kweli ni kimoja, na ulikisikia kwa masikio yako, umesimama nyuma ya mtu mrefu. Bosi alinishika bega akaniuliza mbele ya watu wote, "Kuijua nyama hivi, nani alikufundisha?" Nilikuona wewe kichwani, wallahi nilikuona, na kigoda chako na moshi wako. Nikaogopa meza itanipita. Nikaogopa na kuchekwa pia.

Nikasema, "Hakuna mtu."

Mwanao