Karatasi Yenye Fremu Nyeusi

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, na safari hii siandiki hivyo kwa mazoea tu. Nataka kujua kweli. Goti linakusumbua bado? Ulezi umeshaupanda, au ngedere wamekutangulia? Mimi ni mzima wa mwili, ila nina kinyaa ambacho hakijanitoka tangu wiki iliyopita. Mdogo wangu Juma akikusomea, mwambie asiruke mstari.

Mwalimu wa Kiswahili alituambia tuandike maisha ya mtu tunayemheshimu, kisha tukachapishe. Nilikuandika wewe. Jumamosi, tulipopewa ruhusa ya kutoka bwenini, nilienda steshenari moja hapa Nzuguni na ile picha yako ndogo ya kitambulisho. Kaka wa steshenari akafungua ukurasa mpya kwenye kompyuta nichape. Haukuwa mweupe. Ulikuwa na fremu nene nyeusi pande zote, na kila kichwa cha habari nilichoandika kilijipeleka katikati kwa herufi za kujipindapinda. Nilizinyoosha kichwa kimoja kimoja, lakini kila nilipoanza kichwa kingine zilirudi. Nilichukia, Bibi. Nani aliiambia mashine jinsi unavyotakiwa kuonekana?

"Kaka, hii mistari myeusi inatoka?" niliuliza, kwa ile sauti yangu unayosema ni ya kuku mgonjwa.

"Ndivyo inavyofunguka yenyewe, mdogo wangu. Mbona inapendeza?"

Nikachapa, picha yako ikakaa juu katikati, chini yake "Historia Fupi ya Bibi Yangu". Niliona ni mbaya tu. Huko kwetu Kondoa mtu akifariki tunamzika siku ileile, hakuna anayekimbilia kuchapisha karatasi. Sikujua kwamba wenzangu wa hapa wanaijua fremu ile kutoka kwenye karatasi za kila msiba.

Jumatatu kiranja wetu, Neema, alibandika kazi zote ubaoni. Muda si mrefu akaja kunishika mkono.

"Pole sana, dada. Bibi alikuwa anaumwa?"

"Hapana, haumwi."

"Jamani! Kumbe ghafla!"

Kabla sijapata neno, alishawaambia darasa zima wasimame kimya. Nami nikasimama. Bibi, nilisimama dakika nzima nikikuombolezea wewe, ambaye bila shaka saa ile ulikuwa unatukana ngedere shambani. Ningeweza kusema. Sikusema. Hilo linanichukiza kuliko fremu yenyewe.

Na mwalimu wa darasa, kwa wema wake, akampigia Baba huko Mtera alikokwenda kununua samaki. Baba alijaribu simu ya jirani yako, haikupatikana. Akaacha samaki. Kesho yake mchana nikaitwa getini, nikamkuta macho mekundu, kanzu imejaa vumbi.

"Amezikwa saa ngapi?"

"Hajazikwa, Baba."

"Wananisubiri mimi?"

"Hajafa, Baba. Ni karatasi."

Aliketi chini palepale, juu ya mchanga. Hakunigombeza. Heri angenigomba. Alipoinuka alisema neno moja tu: "Nipeleke."

Kule steshenari Baba alimwambia yule kaka, "Fungua karatasi mpya." Ikaja na fremu nyeusi. "Nyingine." Nyeusi. Mama mmoja aliyekuwa pale akageuza kadi za mwaliko wa kipaimara cha mwanawe, akaona fremu ileile, akapiga yowe.

"Mzee, nisamehe," yule kaka alisema. "Nilitengeneza ratiba ya mazishi, mashine ikaniuliza kama niifanye iwe ya kudumu. Nikabonyeza ndiyo."

Basi ndivyo ilivyo, Bibi. Ukurasa mpya hauzaliwi mtupu. Kuna ukurasa mama uliofichwa, na kila mpya hunakili ule. Ni kama chungu kilichopikiwa dagaa kikaachwa bila kuoshwa. Kila atakayechemsha maziwa humo atakunywa dagaa. Mimi nilikuwa nasugua mwiko. Nilikuwa nimesoma hayo kwenye kitabu cha kompyuta, lakini nilionea haya kumfundisha mtu mzima.

"Kaka, nipishe," nikasema. Watu wakageuka, nadhani hata wewe ungenisikia. Niliufungua ukurasa mama, nikaitoa fremu, nikarudisha herufi za kawaida kwenye mtindo wa maandishi na wa vichwa, nikahifadhi. Kisha nikafungua karatasi mpya. Nyeupe.

Leo asubuhi nimesimama mbele ya darasa nikasema uko hai. Neema amelia kuliko alivyolia ulipokufa.

Nisalimie Mama, na jirani yetu mwenye simu isiyopatikana, mwambie aichaji. Barua hii nimeiandika kwa kalamu. Anakuletea Baba mwenyewe. Amekataa kurudi Mtera kabla hajafika kwako. Atakushika mkono muda mrefu kuliko kawaida yake. Usimwulize kitu, Bibi. Mwache aushike.

Mjukuu wako mwenye sauti ya kuku aliyepona,
Mwanaidi