Kenta Inayozima Palepale

Sumbawanga,
Jumapili jioni.

Dada yangu Zainabu,

Shikamoo dada. Mama naye mpe shikamoo yake, tena umpigie magoti kabisa kwa niaba yangu, maana yangu yako huku mbali. Magoti yake yeye vipi, bado yanamsumbua asubuhi? Na wale kuku, ugonjwa umepita au mmebaki na jogoo peke yake? Mimi ni mzima, nimenenepa kidogo, na baridi ya huku imeshanizoea kama mwenyeji.

Nianze na raha. Dada, mdogo wako ana nyota! Wenzangu bahati wanaitafuta, mimi yangu inanifuata mpaka mlangoni na kubisha hodi. Tajiri amenikabidhi gereji. Nzima! Funguo natembea nazo kiunoni zinalia kama njuga, mafundi wanainuka nikiingia, na ofisini kuna kiti cha kuzunguka. Nikikaa nazunguka kwanza kulia, halafu kushoto, ndipo naanza kazi. Nimefika Tunduma, nimevuka mpaka Zambia, Dar nimeikanyaga mpaka ikachoka, lakini bahati ya namna hii sijawahi kuiona. Watangazie hapo nyumbani, hasa wale waliosema nitarudi na ndala mguu mmoja.

Sasa upokee hasira zangu. Nimeandika kwa sababu kwenye simu unanikatiza, "enhe, enhe, na kuoa lini?", hasira inapoa kabla sijamaliza. Safari hii utasoma mpaka mwisho.

Tajiri ana Kenta, lori dogo, inayobeba samaki kutoka Kasanga, ziwani, kuwaleta hapa mjini. Dereva wake anaitwa Desideri, Mfipa wa Mwimbi, mtu mzima mwenye wajukuu, mpole, Jumapili anaimba besi kanisani. Nilipofika huku sijui mtu, meno yanagongana kwa baridi, ni yeye aliyenipa blanketi lake na hajalidai mpaka leo. Kwa hiyo ukimgusa Desideri umenigusa mimi.

Kenta hiyo ikaanza kuzima njiani. Inapanda mlima kutoka ziwani na mzigo wote, hailalamiki, halafu ikifika juu, tambarare inapoanza, inakohoa na kufa. Mnakaa kama nusu saa, ukiwasha inawaka kama vile haikuwa na neno. Samaki wanafika mjini wamelegea, wanawake wa sokoni wanawakataa. Na si mara moja, ni kila safari, na palepale. Na palepale, dada, ndipo kijiji cha wakwe zake Desideri!

Tajiri akaja juu. Akasema mbele ya watu, "Gari gani hilo linalojua nyumbani kwa mama mkwe?" Kwa akili yake, Desideri anazima mwenyewe, wakwe wanashusha samaki, halafu anasingizia umeme.

Ubaya ni kwamba ushahidi ulimkaa vibaya. Tajiri, kwa kuogopa wezi, alifungisha swichi ya siri chini ya bodi la mzigo, nyuma ya kebini. Ukiizima, umeme haufiki kwenye kile kidude kinachofungua dizeli iingie kwenye injini, na gari haliendi hata likisukumwa na kwaya nzima. Barabarani anayeijua swichi hiyo ni Desideri peke yake. Basi tajiri akatoa neno: safari moja zaidi, gari likizima tena, anampeleka polisi. Dada, mji huu watu wanajuana. Ukishaitwa mwizi sokoni, hata kanisani wanabana mikoba ukipita. Nani angempa tena usukani, na umri ule?

Mimi nilikuwa nimeshaipima Kenta hapa uani. Betri nzima, fyuzi nzima, kila nilipogusa taa ya kupimia inawaka kama sikukuu. Gari gerejini lina tabia za mgonjwa, likimwona daktari maumivu yanaisha. Nikamwambia tajiri, "Safari hii nakwenda nayo mwenyewe." Akacheka, "Nenda ukale ugali wa wakwe."

Sikiliza akili ya mdogo wako, aliyefukuzwa hesabu na mwalimu. Nilichukua waya mmoja kabla ya swichi ya siri na mwingine baada yake, nikazivuta zote mbili mpaka ndani ya kebini, kila mmoja na kitaa chake kidogo, nikavibandika mbele ya dereva kwa plasta ya kidonda. Kitaa cha kushoto kinaonyesha umeme unaoingia kwenye swichi, cha kulia kinaonyesha unaotoka. Gari likifa, vitaa vitoe ushahidi wenyewe.

Tukashuka Kasanga. Wakati wa kupakia nikaona vijana wanamwaga barafu kidogo na chumvi ya mawe nyingi juu ya wale samaki wa migebuka. Nikauliza, "Hii chumvi ya nini tena?" Desideri akasema, "Amri ya tajiri. Barafu nusu, iliyobaki chumvi. Huu ni mwezi wa pili tangu aanze." Sikutia akilini, ndiyo ujinga wangu.

Tukapanda mlima, vitaa vyote viwili vinang'aa. Tulipofika juu gari likakaa sawa, na maji yote ya samaki yaliyokuwa yamelala nyuma yakarudi mbele, nikayasikia yakigonga bodi mgongoni kwangu. Hapo hapo kitaa cha kulia kikafifia, kikawa chekundu kama moto wa sigara. Injini ikakohoa. Kimya. Cha kushoto kinang'aa vilevile.

Desideri ameshika usukani kwa mikono miwili, hataki kuiondoa.

"Umeiona mikono yangu?"

"Nimeiona, mzee."

"Nimegusa kitu?"

"Hujagusa kitu."

"Sema tena."

Nikasema tena. Jasho linamtoka, na upepo wa pale juu unavyokata masikio.

Nikaingia uvunguni. Maji ya samaki yakanimwagikia kichwani, mdomoni, mpaka leo nanuka kama ghala la dagaa. Nikatema, nikalamba tena. Chumvi! Yalikuwa yanadondoka moja kwa moja kwenye swichi ya siri. Aliyeifunga aliunga waya akazungushia kipande cha mpira wa baiskeli, akaona amemaliza ufundi. Nilipofungua, kopa, ile shaba ya waya, imekuwa unga wa kijani, zimebaki nyuzi chache kama nywele za mtoto mchanga. Maji ya chumvi yakifika hapo, umeme unavuja kwenye maji na kuishia kwenye chuma cha gari badala ya kwenda kufungua dizeli. Maji yakiisha kudondoka, unarudi. Hiyo ndiyo nusu saa yao. Na mama mkwe? Alikuja mwenyewe na sufuria ya maharage kutupa pole kwa kuharibikiwa. Huyo ndiye jambazi wa samaki!

Sikutengeneza kitu. Nilirudishia kile kipira vilevile ili tajiri ajionee.

Tulipofika nikamweleza kila kitu. Akaniangalia kama mtu anayenusa maziwa yaliyoganda. "Desideri amekulisha nini?"

"Maharage," nikamjibu.

Hapo damu ikanipanda. Wanawake wa sokoni walikuwa wameshajaa getini kusubiri samaki. Nikawasha Kenta, nikachota ndoo ya maji, nikatia chumvi, nikaingia uvunguni nikamwagia ile swichi. Injini inanguruma tu! Wakacheka mpaka wakashikana, "Mnyaturu wa Singida anaogesha gari!" Tajiri naye akacheka. Desideri akaangalia chini. Dada, nilitamani ardhi inimeze na ndoo yangu. Halafu nikakumbuka nimetia chumvi ya kutosha mchuzi, si ya kutosha samaki. Nikarudi na ndoo ya pili, chumvi kwa kopo, nikamwaga polepole. Injini ikakohoa, ikafa palepale uani, mbali kabisa na mama mkwe wa mtu yeyote.

"Mayo!" wakapiga kelele wote. Mama Gaudensia, ambaye ndiye mnunuzi mkubwa wa samaki hapo, akajishika kiuno akamgeukia tajiri. "Kwa hiyo chumvi ni yako, swichi ni yako, na mwizi ni Desideri?"

Unafikiri tajiri alisema pole? Alisafisha koo, akasema, "Haya Desideri, kesho kapakie." Basi! Mtu amemwita mwenzake mwizi mwezi mzima, anamalizia na kapakie. Na Desideri, mtu mzima wa watu, akajibu, "Ndiyo tajiri." Nilitaka kumrushia yeye ndoo! Nikamvuta pembeni. "Mzee, hata pole hukudai?" Akaniambia, "Nikidai pole, usukani atashika nani?" Akaniwekea mkono begani, akaenda kufua koti lake. Mimi ningedai pole, ningedai na soda juu.

Utaniuliza, tajiri aliyekupa gereji mbona unamchamba hivi? Usiniulize. Soma tu.

Nisalimie shemeji Omari, mwambie mashine yake ya alizeti ikigoma aanze kuangalia viungio vya waya kabla ya kulaumu mota. Nisalimie mjomba Saidi muadhini, na bibi mzaa mama, umsomee kwa sauti kubwa palipo na maharage, atacheka. Salamu kwa wifi yako mtarajiwa popote alipo, maana mimi simjui bado.

Barua hii anakuletea dereva wa lori la mahindi anayepita Singida. Mpe hata maji ya kunywa.

Ni mimi mdogo wako, fundi wa mafundi,
Ramadhani.

Dada, nilishaifunga bahasha, nimeifungua tena. Usitangaze kitu. Gereji sijapewa, funguo sina, kile kiti ni cha tajiri. Siku ile ya ndoo alinionyesha geti, na mpaka leo sina kazi.