Udi wa Chumba cha Bakari

Mama yangu,

Shikamoo. Goti linaendeleaje? Ile dawa ya kuchua niliyomkabidhi dereva ilifika, au imeishia kwenye mgongo wa dereva mwenyewe? Mimi mwanao Hawa ni mzima wa mwili. Moyo ndio haujatulia tangu juzi, na ndiyo maana naandika badala ya kupiga simu. Wewe ukipokea simu unaiweka sauti kubwa, ua mzima unasikia hadi wapangaji, na haya ya leo ni yako peke yako. Barua atakuletea dereva yuleyule wa lori la Tanga. Nimemwambia akupe mkononi, asimwachie mtu.

Kwanza nikueleze kazi yangu, maana nasikia umewaambia watu mwanao ni daktari Kigali. Mama, mimi ni mtunza panya. Nimesomea mifugo nikidhani nitapima mimba za ng'ombe, Mungu akaniweka kwa panya weupe wa maabara. Nawalisha, nawapima uzito, nawabadilishia maranda tunayochukua kwa maseremala wa Gisozi na kuyapitisha kwenye mvuke. Si kama panya wa stoo yetu hawa. Wasafi, wana macho mekundu, ukiwashika vizuri wanatulia mkononi. Mkubwa wangu ni Daktari Claudine, Mnyarwanda aliyekulia Karagwe, Kiswahili chake kimenyooka kuliko cha watoto wako wote. Anachotafuta ni kwa nini mtu aliyenaswa na unga hauachi hata anapotaka kuuacha. Neno unga sikutaka litamkwe kwenye hiyo simu yako ya sauti kubwa, kwa sababu ya mdogo wangu Bakari.

Wanafanya hivi. Panya anawekwa kwenye sanduku lenye kichuma cha kubonyeza. Akikibonyeza, taa ndogo inawaka, na tone la dawa, jamii ileile ya unga, linaingia mshipani mwake kwa mpira mwembamba. Sanduku lenyewe tunalipaka mafuta ya machungwa ili liwe na harufu yake. Siku za mwanzo anabonyeza kwa kubahatisha tu. Baadaye anabonyeza kama mtu anayegombana na mlango. Chakula kiko pale pembeni, hata hakitazami.

Nilimuuliza daktari, kwani huyu hana njaa?

"Njaa anayo," akasema. "Lakini kichwani kuna pahali panapofurahi mtu akila, akisifiwa, akimpakata mwanawe. Dawa imeingia palepale ikakaa. Hivyo vingine vikija vinakuta pamejaa."

Kulikuwa na mmoja nilimwita Bwana Harusi, kwa jinsi alivyokuwa akijisafisha sharubu kutwa nzima. Kuwapa majina haturuhusiwi, basi nilimwita kimoyomoyo. Tulimhamishia sanduku jingine lisilo na harufu ya machungwa. Humo kichuma kipo lakini hakitoi kitu. Akabonyeza weee, akachoka, mwisho akakiacha kabisa. Akaanza kula. Akanenepa, manyoya yakang'aa. Nilifurahi mpaka nikawanunulia wenzangu sambusa na sikuwaambia ni za nini. Nilikuwa namfikiria Bakari huko soba hausi wanakomwachisha unga, ile picha uliyonitumia, mashavu yamerudi.

Juzi asubuhi daktari akaniambia, "Hawa, mrudishe yule kwenye sanduku lake la kwanza."

Nikauliza, dawa itakuwemo? Akasema hapana, hata tone. Nikambeba mwenyewe, ametulia kifuani kwangu, namsemesha. Nikamweka. Akanusa. Hakuzunguka, hakutazama chakula. Alikwenda moja kwa moja kwenye kichuma akaanza kubonyeza. Hakitoki kitu, anabonyeza. Hakitoki kitu, anabonyeza. Mama, nilisimama pale mdomo wazi.

"Daktari, huyu si amepona?"

"Kule alipona," akasema. "Hapa bado."

Alisema hivyo huku anaandika, kwa sababu yeye alishayaona mara nyingi. Mimi nilikwenda kukaa kwenye magunia ya maranda.

Nilifikaje nyumbani Nyamirambo sijui, hata pikipiki ilipita njia gani sikumbuki. Mama mwenye nyumba alinikuta mlangoni natafuta ufunguo nilioushika mkononi.

"Hawa, leo uso yako iko mbaya sana," akaniambia. "Kuna mtu amekufa?"

Nikamwambia ni panya.

"Panya ndio iko naliza wewe?" Akacheka. Alipoona siachi kulia akaniletea chai ya tangawizi, akakaa nami kwenye ngazi. "Ihangane," akasema, ndiyo pole ya huku. Lakini sikuwa nikimlilia panya, mama. Nilikuwa nimekumbuka chumba cha Bakari.

Kwetu mtu akisafiri hasogezewi kitu. Kitanda chake hakilaliwi, kanzu inabaki kwenye msumari alipoitundika, mpaka arudi aitoe mwenyewe. Mimi pia ulinifanyia hivyo. Nilipokuja likizo nikakuta hata chanuo langu liko dirishani na nywele zangu, nikajua nina kwetu. Na wiki iliyopita ukaniambia, kwa furaha yote ile, kwamba Bakari anatoka soba mwisho wa mwezi, kwamba chumba chake kiko vilevile, na kwamba kila Ijumaa unakifukiza udi. "Ule ule wake anaoupenda," ukasema.

Sasa kaa chini kabla hujaendelea kusoma.

Jana nilimpigia Bakari, saa zao za kuruhusiwa simu. Nikamuuliza bila kuzunguka: ule udi ulikuwa wa nini?

"Dada, nilikuwa nauwasha kwanza, halafu ndio navuta," akasema. "Ili mama asisikie harufu."

"Siku zote?"

"Siku zote. Kuna mzee alikuja kututembelea hapa, kanzu yake inanukia udi. Mate yalinijaa mdomoni. Nikaenda kujifungia chooni mpaka akaondoka."

Nikamuuliza kwa nini hakukwambia.

"Anavyofurahi kwamba chumba changu kinanukia, nitaanzaje?"

Nakumbuka ulivyokuwa ukipita ukumbini unawaambia majirani, mwanangu huyu msafi, sikia chumba chake kinavyonukia. Nilikuwa naona wivu, mimi chumba changu kilikuwa kinanuka mafuta ya nazi. Sikulaumu hata kidogo, nani angejua? Lakini kila Ijumaa, mama, kwa mapenzi yako yote, umekuwa ukimtayarishia lile sanduku la machungwa.

Nimemuuliza daktari kama kuna dawa ya kumsahaulisha mtu. Akasema bado, ndiyo wanayoitafuta. Akasema mtu si panya, anaweza kukataa, anaweza kumwita mwenzake amshike mkono, lakini tusimtegee.

Basi naomba, na naomba kwa magoti. Toa kitanda. Kanzu, zulia, pazia, vyote gawa. Kuta zipakwe chokaa, mweke mpangaji. Bakari akitoka apitilize Muheza kwa baba mdogo, alale na wanawe, ashike randa kwenye useremala wake. Nimeshaongea na baba mdogo, amekubali. Washauri wa soba wamesema watamfuata hukohuko. Bakari mwenyewe nilipomweleza mpango huu alilia, akasema nikuombe radhi kwa niaba yake. Najua utasema watu watasemaje, mtoto amerudi hana kitanda kwao. Waache waseme.

Nisalimie bibi na umwambie shuka la kahawia aliloniagiza nimeshalipata. Msalimie shangazi muuza vitumbua, na mke wa baba mdogo, ambaye sasa namwongezea mzigo. Wapangaji wasalimie pia, ila wasisome hii.

Kinachonikera zaidi ni kwamba yule panya hakujirudisha. Alikuwa anakula zake. Nilimbeba mimi, kwa mikono hii, huku nikimwambia maneno mazuri, nikamweka palepale. Usimbebe Bakari hivyo, mama.

Wako nikupendaye,
Hawa

Udi uliobaki kwenye kopo usiutupe jalalani, watu watauokota na utarudi palepale uani. Mpe dereva aniletee. Huku hautamkumbusha mtu kitu, isipokuwa mimi.