Udi wa Jumatano

Jumatatu, 13 Januari 2025

Wamepiga simu! Nilikuwa nampima Bi Zuweina gauni la harusi ya mpwawe, pini tele mdomoni, nikashindwa kusema hata haloo. Msichana wa kule kwenye baraza la madaktari, sauti ya Unguja mjini, anazungumza kama anasoma taarifa ya habari. Ombi langu limekubaliwa. Baraza lile lililomnyang'anya yule mtu leseni lina mfuko wake, na mfuko huo huwalipia ushauri nasaha wagonjwa waliodhalilishwa na watu wa tiba. Waliofanyiwa uchafu, kwa Kiswahili cha nyumbani. Mimi ni mmoja wao. Haya, nimeliandika na kalamu haikuvunjika.

Mshauri nachagua mwenyewe. Kila Jumatano. Wanamlipa yeye moja kwa moja, mimi sigusi kitu. Sharti moja tu — nikikosa mara mbili bila kusema, nafasi yangu anapewa mwengine.

Bi Zuweina akauliza nani huyo. Nikamwonesha pini. Pini ni neema kubwa kwa fundi cherehani, hasa ukiwa na jirani wa ukuta kwa ukuta kama yule, anayejua kwa pua yake nani kapika nini mtaa mzima wa Madungu.

Mama hajui lolote. Na asijue! Yeye ndiye aliyenipeleka kwa yule mtu, mgongo uliponikamata kwa kuinamia cherehani. Alikaa kwenye benchi nje ya mlango, kikapu mapajani. Tulipotoka alimsifu njia nzima — daktari mstaarabu, mkunjufu, kampa shikamoo mara mbili. Anajua yule mtu amehamia bara, basi. Mpaka leo humwombea dua. Sasa mtu nitaanzia wapi?

Jumatano, 15 Januari

Nimekwenda. Nimeishia ngazini.

Ofisi ya Ruweida, mshauri niliyemchagua, iko Gombani, juu ya duka la spea za pikipiki. Nilikuwa nimeshapanda ngazi mbili tatu nikakuta wamepiga deki kwa dawa — ile harufu ya kliniki, ile ile. Miguu ikageuka yenyewe. Mama nilimwambia nafuata vifungo. Nimerudi bila kifungo hata kimoja. Hodari kweli!

Ruweida kapiga simu, hakunigombeza. Kasema mtu aliyefika ngazini hakukosa. Akaniuliza harufu gani naipenda. Udi, nikasema. Basi njoo na udi wako, akasema.

Jumatano, 22 Januari

Nimefukiza buibui, mtandio, mpaka mkoba. Udi wa mama, ule mzuri anaouficha kabatini. Kipande kidogo tu. Chetezo nilikirudisha mahali pake.

Na nimeingia! Nimekaa! Ruweida ni mfupi, mcheshi, anavaa soksi nyekundu na makubadhi. Kitu cha kwanza kaniuliza mlango nautaka vipi — wazi, nusu, au tufunge. Sijapata kuulizwa mlango mimi. Nikasema nusu. Nilizungumza mengi ya hovyo na machache ya maana. Nilicheka pia, sikujua huko kunachekwa. Nililia kidogo, nisijidanganye.

Wakati wa kushuka, mwenye duka la spea, Haitham, kanisalimia. Nikamwitikia kwa furaha, maana nilikuwa mwepesi. Hapo ndipo nilipoharibu.

Ijumaa, 24 Januari

Balaa limeingia nyumbani, limevaa kanga za mama.

Mwanamke aliyeachika, kama mimi. Siku ya kazi. Buibui linanukia udi kuanzia Madungu mpaka Gombani. Hapa kwetu udi wa namna hiyo una mwenyewe, na mwenyewe ni mume. Bi Zuweina alinusa kichochoroni, mpwawe akaniona nikicheka na Haitham, hesabu ikakamilika. Haitham kafiwa na mke, ana duka, hana mama wa kuwa mkwe mkali. Wamenioza mpaka nami nimeona ni bwana wa kufaa.

Mama kaingia na uso wa siku ya Idi. "Mwana'ngu, udi wangu wafanya kazi gani Gombani, nawe hunambii?"

Ningesema nini? Nikatazama mkeka. Nikanyamaza.

Upumbavu wangu! Mwanamke wa hapa akiulizwa mambo ya posa akainama na kunyamaza, watu hawaulizi tena, wanakwenda kuanika mchele. Mama alipiga kigelegele kimoja, kifupi, cha ndani ya nyumba. Kwa Bi Zuweina kilisikika vizuri.

Jumatano, 29 Januari

Haitham alinisimamisha, masikini, kitambaa cha grisi mkononi. Kasema watu wanampa hongera tangu Jumamosi, naye anawashukuru kwa adabu tu, hajui anamuoa nani. Nikaona haya mpaka masikio yakapata moto. Nikamwomba asikanushe kwanza, nitamweleza siku moja. Akafikiri. Akauliza kama pilau itakuwepo. Nikamwambia hapana. Akasema basi, lakini hongera ataendelea kuzipokea, maana hajapata nyingi.

Nilimsimulia Ruweida, kacheka mpaka kavua miwani. Nami nikacheka, nikasema ndiyo hasara ya kunyamaza, kila mtu anakitia kimya chako maneno yake. Kisha nikasikia nilichokisema. Kicheko kikakatika.

Maana yule mtu alifanya hivyo hivyo. Mbele ya baraza alisema sikupinga, sikupiga kelele, kwa hiyo niliridhia. Nilikuwa nimelala kifudifudi, uso kwenye mto, mama yangu yuko nje. Nilinyamaza kwa sababu niliogopa. Nina hasira naye! Miaka miwili nimekuwa na hasira na mimi, leo nina hasira na yeye, na ni afueni kubwa ajabu. Ruweida kasema aliyenyamaza kwa hofu hakukubali kitu. Kasema polepole, mara mbili. Nimetoka na njaa, nikala maandazi matano njiani.

Jumapili, 2 Februari

Shaabani imeandama, kila mtu anataka kuoa kabla ya Ramadhani, nami nashona mpaka vidole vinakufa ganzi. Wateja hawaleti vitambaa tu, wanaleta na maswali. Nimenunua boksi jengine la pini.

Mama ametoa sanduku. Shuka za maua, mto wa hariri, chupa ya mawardi. Anaimba. Sijamsikia akiimba tangu nilipopewa talaka. Ndiyo inayoniua hiyo! Nikiendelea kwenda Gombani, mama ataandaa harusi isiyo na bwana. Nikiacha, uvumi utakufa wenyewe, nafasi atapewa mwengine, na mimi nitarudi kuwa yule niliyekuwa. Kumwambia kweli — hapana. Nitamvunja. Atakumbuka lile benchi kila akikaa kula.

Bi Zuweina kaja kujaribu gauni. Limembana kiunoni, anasema nimekosea vipimo. Sikukosea.

Jumanne, 4 Februari

Mama kasema kesho Gombani tunakwenda sote. Hataki habari za mwanawe aletewe na pua ya jirani. Ameshapima mchele wa mkate wa kumimina. Mtu haendi kwa watu mikono mitupu.

Nimesema kesho nina kazi nyingi. Kasema kazi haikuwa nyingi Jumatano iliyopita. Nikatia pini mdomoni. Akangoja nizitoe. Sikuzitoa. Akanitazama kwa muda, si kwa hasira, akaondoka. Hakuimba jioni.

Naweza kukosa kesho. Mara moja inaruhusiwa. Nitasema naumwa tumbo.

Sasa ikiwa nakosa, kwa nini nimeshafukiza buibui?

Jumatano, 5 Februari

Naandika nikiwa juu hapa kwa Ruweida, kwenye benchi la nje. Mwandiko umepinda, nitasoma mwenyewe, si neno.

Tumekuja. Mama mbele, hotpoti imefungwa kwa leso, kama tunakwenda kutoa posa sisi. Haitham alituona, akajifuta mikono haraka, akampa mama shikamoo na kuitazama hotpoti kwa matumaini. Nikasema moyoni, haya, imekwisha, mkate utatuliwa hapa. Mama kaitikia marahaba, akampita! Kapanda ngazi. Mzee mwenye magoti mabovu, kapanda bila kushika ukuta.

Juu akasoma kibao cha mlangoni, Ushauri Nasaha, pole pole, herufi kwa herufi. Akakaa. Akanipa hotpoti niipakate.

"Mwanamwali akiulizwa akanyamaza, karidhia," kasema. "Nd'o tulivosomeshwa. Lakini aloolewa akaachwa, yeye lazima aseme kwa mdomo wake. Weye ushaolewa. Ijumaa ile ulinyamaza, mie nkapiga kigelegele. Jana ukanyamaza tena. Nkakaa nkafikiri, usiku wote. Na mpwawe Zuweina alikuona washuka ngazi hizi, si watoka dukani."

Nilikuwa natazama ncha za viatu vyangu.

"Siku ile ya mgongo pia ulinyamaza. Toka mlangoni mpaka nyumbani. Mie nikisifu tu."

Ruweida kafungua mlango, soksi leo za kijani, akatuona wawili. Mama akanigeukia, akaniuliza kama naweza kumwachia yeye aingie kwanza. Nikatikisa kichwa kukubali. Hakuingia. Alisimama pale pale, kashika mwimo wa mlango, anataka kusikia.

"Ndiyo, mama," nikasema. "Ingia."

Akaingia.

Mfuko unanilipia mimi, si mama yangu. Ruweida anajua, mimi najua, na msichana wa sauti ya Unguja atajua tukimwambia. Haitham amechungulia kutoka chini ya ngazi, kauliza kwa ishara kama ule ni mkate. Nimemkatia kipande kikubwa, amestahili. Hotpoti bado ina moto. Inaniunguza mapaja na sitaki kuiweka chini.

Buibui la mama nalo linanukia udi. Sikulisikia njiani. Kafukiza lini?

Mlango wameuacha nusu. Ruweida hamharakishi. Nami sitaki kusikiliza, na nasikiliza. Sasa kakohoa. Sasa anaanza —

"Mie nilikuwa nimekaa hapo nje, kwenye benchi —"