Eti Lazaro FC

Jumapili, usiku

Eti sasa inaitwa Lazaro FC. Timu niliyoianzisha mimi hapa Bashay, nikakata miti yangu mwenyewe kuweka magoli, leo ina jina la mfanyabiashara wa vitunguu saumu kwa sababu kaleta jezi.

Kwenye mkutano wa kubadili jina aligawa jezi kwanza, ndipo katibu akauliza, "Kuna anayepinga?" Nani angepinga huku wachezaji wameshazivaa?

Leo uwanjani wote walimkimbilia yeye. "Shikamoo, mzee!" Mzee! Nilimfundisha darasa la nne huyo. Mimi walinipungia mkono tu.

Roho iliniuma. Nikaapa sitashangilia chochote.

Dakika za mwisho tukafunga. Nikajikuta nimesimama, nimerusha kofia, napiga kelele kuliko wote: "Lazaro! Lazaro!"

Akageuka, akanipungia mkono.