Mashine Iliyomsalimu Mzee Télesphore

Evans, kaa kwanza. Shangazi Otilia amerudi kutoka zamu sasa hivi, na hataki hata kumtazama mtoto wa kaka yake, yaani mimi, kijana mtiifu unayemfahamu.

Unakumbuka ile mashine ya magurudumu inayogawa dawa kwenye nyumba ya wazee anakofanya unesi, huku ughaibuni, mtaa wa Agincourt? Mzee Télesphore, yule Mrundi, alikuwa ameikataa siku tatu, na presha inazidi kupanda. Alisema hapokei dawa kwa kitu kisichosalimu.

Shangazi akaniomba mimi, fundi wake, niifundishe salamu. Kijana mtiifu akaifundisha salamu arobaini. Arobaini, Evans.

Leo asubuhi ikaingia chumbani.
"Umeamkaje, mzee?"
"Salama."
"Watoto hawajambo?"
"Hawajambo."
"Na ng'ombe?"

Ng'ombe, Evans. Ghorofa ya nne. Mzee akajibu kwamba aliwaacha kwao Gitega wakiwa wazima.

Mzee hawezi kumkatiza anayemsalimu, na mashine haichoki kuuliza. Shangazi alipotokea, walikuwa wamefika kwa mashemeji, dawa bado iko kwenye trei. Akapiga magoti, akamshika mkono.

"Baba, salamu zimetosha. Meza, nakuomba. Siku tatu hizi silali kwa ajili yako."

Mzee akameza palepale. Akasema angemeza tangu mwanzo wa salamu, ila hakutaka kuonekana hana adabu.

Kisha akaisogezea mashine glasi yake ya maji.

"Otilia, mpe na huyu anywe. Ameuliza watu wote, na hakuna aliyemuuliza yeye ameamkaje."